Jiko la Peleti Husukuma Moshi: Mambo ya Kujua Kabla Hujatoboa Ukuta

Shemeji yangu alinunua jiko la peleti, lile linalochoma punje za unga wa mbao, mwezi wa Septemba, kabla miti ya Lewiston, Maine, haijaanza kubadilika rangi. Alilipandisha ngazi za barazani kwa msaada wa vijana wawili, akaliweka sebuleni chini ya dirisha, kisha akanipigia simu. Nilipofika nilimkuta ameshika penseli, na ukutani alikuwa ameshachora duara, futi mbili hivi chini ya kioo cha dirisha.

"Shemeji, si bomba tu hili? Tunatoboa hapa, tunalitoa nje, jioni tunaota moto."

Nilimwomba aweke penseli chini kwanza. Jibu lilituchukua jioni yote, na naliandika hapa kwa sababu si yeye peke yake. Familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi, Rwanda na Tanzania sasa zinanunua nyumba zao za kwanza huku Maine, jimbo ambalo sehemu ya nyumba zinazopashwa joto kwa mafuta bado ni kubwa kuliko katika jimbo lingine lolote la Marekani. Bili ya kwanza ya mafuta ikifika, mtu huanza kuulizia peleti. Jiko linapatikana dukani, na kitabu cha maelekezo kimo ndani ya boksi, kwa Kiingereza na Kifaransa. Kinachokosekana ni mtu wa kukueleza kwa nini kitabu kinasema kinachosema. Mtu asiyejua sababu ya sharti hulivunja bila hofu.

Moto wenye mashine

Peleti ni unga wa mbao, masalia ya viwanda vya kupasulia magogo, uliokaushwa na kushindiliwa kwa nguvu mpaka ukawa punje ndefu zenye unene wa milimita 6 hivi. Ukiziona mara ya kwanza utadhani ni chakula cha kuku. Hazihitaji gundi: lignini iliyomo ndani ya mti wenyewe hulainika kwa joto la kushindiliwa na kuushikamanisha unga. Hapa Maine hutengenezwa katika miji midogo kama Corinth na Athens, na huuzwa kwa mifuko ya ratili 40, yaani kilo 18. Mifuko 50 ni tani moja ya Kimarekani.

Jiko lenyewe lina sanduku la kujazia peleti. Chini ya sanduku kuna parafujo nene inayozungushwa na mota polepole, ikidondosha punje chache chache kwenye bakuli la chuma, na humo ndimo zinamoungua. Kuna feni mbili. Ya kwanza hupitisha hewa ya chumbani kwenye mirija iliyopata moto na kuirudisha chumbani ikiwa na joto. Hewa hiyo haikutani na moshi hata kidogo. Feni ya pili huvuta hewa kupitia bakuli la moto, kisha husukuma moshi ndani ya bomba mpaka nje. Majiko haya yalianza kuingia kwenye nyumba za watu miaka ya 1980, na mmoja wa waliolipa umbo tunalolijua ni Jerry Whitfield, mhandisi wa ndege wa jimbo la Washington. Ukilifungua utaamini kwamba limebuniwa na mtu wa mitambo, maana bila umeme halifanyi lolote.

Feni hiyo ya pili ndiyo inayotenganisha jiko la peleti na kila moto tuliokulia nao. Nilimrudia shemeji maneno haya mara tatu usiku ule: jiko la kuni huvuta, la peleti husukuma.

Katika jiko la kuni lenye dohani, moshi wa moto ni mwepesi, unapanda wenyewe, na ukipanda unaacha mvuto nyuma yake. Ndani ya bomba kuna mgandamizo mdogo kuliko wa chumbani. Bomba kama hilo likiwa na kitundu, hewa ya chumbani ndiyo inayoingia kwenye bomba, na moshi unaendelea na safari yake. Ndiyo sababu mabomba ya kuni ya zamani, yaliyounganishwa kwa skrubu tatu na kuachwa wazi kwenye maungio, yanafanya kazi miaka mingi.

Kwenye jiko la peleti, kuanzia pale feni ilipo hadi mwisho wa bomba, mgandamizo ni mkubwa kuliko wa chumbani. Kitundu kidogo kama ncha ya msumari kinatema moshi sebuleni muda wote jiko linapowaka. Na kwa kuwa peleti kavu huungua vizuri, moshi wake karibu hauonekani. Hutauona ukichora mstari hewani wala hautakuwasha macho kama ule wa kuni mbichi.

Kilichomo ndani ya moshi huo, moto unapokosa hewa ya kutosha, ni kaboni monoksaidi. Watu wetu wanakijua kifo hiki kwa jina jingine. Ni kile cha jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi na mlango ukafungwa; asubuhi majirani wanavunja mlango. Gesi hii haina rangi wala harufu. Inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anapumua na hewa haimfikii. Huanza na kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na wengi hudhani ni mafua.

Kwa walio na asili ya Goma niongeze jambo moja, kwa sababu nimesikia wakiichanganya gesi hii na mazuku. Mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenye miamba ya volkano. Ni nzito kuliko hewa na hulala mabondeni, ndiyo maana mtoto au mbuzi hudhurika pale mtu mzima aliyesimama anaposalimika. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribia kabisa ule wa hewa. Hailali chini. Inachanganyika na kuenea nyumba nzima, ikipanda ngazi na kuingia vyumba vya kulala. Kwa hiyo kulala kitandani badala ya mkekani hakukusaidii kitu.

Bomba lenyewe

Shemeji alikuwa na bomba tayari: lile la bati jembamba linalotumika kutolea hewa ya mashine ya kukaushia nguo. Lilikuwa rahisi na lilionekana kutosha. Tulilirudisha dukani siku iliyofuata.

Bomba la jiko la peleti lina kuta mbili. Ukuta wa ndani ni chuma kisichoshika kutu, kwa sababu majivu ya peleti yakichanganyika na unyevu hutafuna bati la kawaida. Ukuta wa nje ni chuma chepesi zaidi, na kati yake kuna nafasi ya hewa inayopunguza joto. Kwenye bomba huandikwa herufi PL au L, pamoja na namba ya kiwango cha Marekani, UL 641. Bomba la namna hii limepimwa kwa moshi wa hadi nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Usikubali fundi akuletee bomba la majiko ya gesi, lile linaloitwa aina B: ukuta wake wa ndani ni wa alumini, na halikutengenezwa kwa moshi wa mbao. PVC haifai hata kwa siku moja.

Maungio yana nafasi yake maalumu. Bomba nyingi za kisasa zina mpira au ukanda wa silikoni ndani ya kila kiungio, na ukisukuma na kuzungusha linajifunga. Zisizo nao huzibwa kwa silikoni inayostahimili joto la juu, ile nyekundu au nyeusi ya mafundi wa magari, hasa pale bomba linapokutana na jiko, maana hapo ndipo nimeona uvujaji mwingi zaidi. Ukitaka kutia skrubu, ziwe fupi, ziushike ukuta wa nje tu. Skrubu ndefu ikitoboa ukuta wa ndani umetengeneza kile kitundu nilichokisema, na zaidi ya hapo majivu yatajikusanya kwenye ncha yake.

Swali la unene wa bomba huwachanganya wengi kwa sababu majibu huja kwa hesabu. Mabomba ni ya inchi 3 au inchi 4. Feni ya jiko ina nguvu yenye kikomo, na kila kipande cha bomba kinaila sehemu ya nguvu hiyo. Watengenezaji hupima ulaji huo kwa pointi. Futi moja ya bomba lililolala ni pointi 1. Futi moja ya bomba lililosimama ni nusu pointi, kwa sababu moshi wa moto unajisaidia kupanda. Elbo ya nyuzi 45 ni pointi 3. Elbo ya nyuzi 90, au tii, yaani kiungio chenye umbo la herufi T, ni pointi 5 nzima, kwa kuwa moshi unagonga ukuta na kugeuka ghafla. Ukijumlisha ukapata 15 au pungufu, bomba la inchi 3 kwa kawaida linatosha. Ukizidi hapo, panda hadi inchi 4.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Nyuma ya jiko tuliweka tii, pointi 5. Juu ya tii futi 4 za bomba lililosimama, pointi 2. Elbo ya kuelekea ukutani, 5. Futi 2 za kupita ukutani na kutokeza nje, 2. Jumla 14. Shemeji alitaka kuongeza elbo nyingine nje, iliyoinamisha mdomo chini ili mvua isiingie. Hapo tungefika 19 na kulazimika kununua bomba zote upya. Tukachukua kofia ya kunyooka yenye wavu badala yake. Ndugu walioko Denver, futi 5,280 juu ya usawa wa bahari, wasinakili hesabu yetu: hewa ya huko ni nyepesi, na vitabu vingi huamuru inchi 4 kuanzia mwinuko wa futi 2,500 au 3,000 hata kama bomba ni fupi.

Kwa nini tii, wakati elbo ingegeuza moshi vilevile kwa pointi zilezile? Kwa sababu ya majivu. Majivu ya peleti ni laini kama poda, yanapeperuka na moshi, na yanatua pale moshi unapopunguza mwendo. Mdomo wa chini wa tii una kifuniko: majivu yanaangukia humo, nawe unakifungua na kuyamwaga. Vitabu vingi vinapendekeza kukagua bomba kila baada ya tani moja ya peleti. Bomba lililolala refu bila tii huziba polepole, moto unageuka rangi kutoka manjano yenye mwanga hadi chungwa zito la uvivu, kioo cha jiko kinakuwa cheusi, na mwenye nyumba analaumu peleti.

Ndani ya ukuta

Nyumba nyingi huku hazina tofali. Ukuta ni nguzo za mbao zilizopangwa kila inchi 16, katikati mpaka katikati, zimefunikwa kwa jipsamu upande wa ndani na mbao na vinili, yaani plastiki ya kufunikia kuta, upande wa nje, na uwazi wote umejazwa pamba ya kuzuia baridi. Unatoboa kitu kinachoweza kuwaka kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Moshi wa jiko la peleti si wa moto sana ukiulinganisha na wa kuni. Mara nyingi haufiki nyuzi 250. Hapo mtu hujiuliza hofu ya nini, ikiwa mbao huhitaji joto kubwa kuliko hilo ili kushika moto. Tatizo ni muda. Mbao inayopashwa joto siku baada ya siku, msimu baada ya msimu, hukauka kupita kiasi na kuanza kugeuka taratibu kuwa kama mkaa, na mkaa hushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ukuta unaweza kukaa salama miaka mitano na kuwaka mwaka wa sita, usiku, ndani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Kwa hiyo bomba haligusi mbao. Nafasi inayotakiwa imeandikwa kwenye bomba lenyewe: baadhi huhitaji inchi 3 pande zote, aina mpya zaidi inchi 1. Kati ya bomba na ukuta huwekwa fremu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye bamba la ndani na bamba la nje linalokutana katikati ya ukuta. Hiyo si pambo. Ndiyo inayoiweka pamba mbali na bomba na kuiachia hewa nafasi ya kuzunguka. Nimeona mtu mwenye nia njema akishindilia pamba kuzunguka bomba ili baridi isiingie, na kwa kufanya hivyo akalivika bomba koti linalozuia joto lisitoke.

Nguzo nazo zinahitaji kuheshimiwa. Kati ya nguzo na nguzo kuna uwazi wa inchi 14 na nusu. Bomba lenye unene wa nje wa inchi 4, likiwa na inchi 3 kila upande, linataka mraba wa inchi 10. Linaenea, mradi utoboe katikati. Kabla ya kushika msumeno, tafuta nguzo kwa kifaa chake, kisha toboa kitundu kidogo na kuingiza waya uliokunjwa uone kama unagusa mbao, nyaya za umeme au bomba la maji. Duara la shemeji, tulipolipima, lilikuwa juu ya nguzo kabisa. Kukata nguzo ya ukuta wa nje ni kukata kinachobeba paa na theluji iliyo juu yake.

Upande wa nje kuna vinili, na vinili huanza kulainika kwenye nyuzi 70 hivi. Kwa hiyo mdomo wa bomba hautakiwi kulala kwenye ukuta. Unatokeza kwa kipimo ambacho kitabu chako kinataja, mara nyingi kati ya inchi 6 na 12.

Mdomo unaangalia wapi

Hapa ndipo duara la penseli lilipokufa. Nchini Marekani miji na majimbo mengi hufuata kiwango kinachoitwa NFPA 211, na kwa bomba ambalo feni ndiyo inayosukuma moshi, mdomo wake uwe angalau futi 4 chini ya dirisha au mlango wowote, au futi 4 pembeni yake, au futi 1 juu yake. Watu huona vipimo hivi kama vimebuniwa ofisini, lakini vitazame tena. Moshi wa moto unapanda. Dirisha lililo juu ya mdomo liko njiani mwake, hivyo linahitaji futi 4. Dirisha lililo chini limeachwa nyuma tayari, hivyo futi 1 inatosha. Shemeji alichora futi 2 chini ya dirisha: moshi wote ungepanda ukiambaa ukuta na kuingia kila dirisha linapofunguliwa, tena mama watoto hulifungua kila anapokaanga samaki.

Palipo na tundu linaloingiza hewa ndani kwa feni, mdomo wa moshi ukiwa umbali usiozidi futi 10 kutoka hapo, uwe juu yake kwa futi 3. Palipo na njia ya wapita kwa miguu, uwe futi 7 kutoka ardhini, usimpulizie mtu usoni. Kutoka ardhini penginepo inaandikwa futi 1, na hapo natofautiana na wanaosimamia kipimo hicho peke yake. Portland hupata kwa wastani zaidi ya mita moja na nusu ya theluji kwa msimu, na theluji inayosukumwa kutoka kwenye paa na njia ya gari hujilundika ukutani juu zaidi ya ile iliyoanguka. Mdomo wa futi moja utafunikwa mwezi wa Januari. Weka juu uwezavyo.

Usitoe moshi kwenye baraza lililozungushiwa vioo, wala gereji, wala darini, wala chini ya sakafu. Usitoe kwenye pembe ambapo kuta mbili zinakutana, kwa sababu upepo huzunguka humo na kurudisha moshi. Tena huku upepo wa baridi kali huja zaidi kutoka kaskazini-magharibi. Mdomo unaoukabili upepo huo hulazimisha feni kupigana nao, na usiku wa tufani jiko linajizima.

Linajizima kwa sababu lina swichi ndogo inayosikia mgandamizo. Mdomo ukiziba, au mlango wa jiko ukifunguka, mgandamizo unabadilika, swichi inakata na peleti zinaacha kudondoka. Kuna mafundi wa mitaani wanaounganisha nyaya zake moja kwa moja ili jiko "liache usumbufu". Nasema kwa uchungu, kwa kuwa nimekuta nyaya hizo zimeunganishwa kwenye nyumba yenye watoto wanne: ukiwa na jiko linalojizima kila mara, bomba limeziba au limepangwa vibaya. Swichi haina kosa.

Hewa inayoingia, na umeme unaokatika

Moshi ukitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Nyumba mpya zimezibwa vizuri mno, na feni ya jikoni, ya bafuni na mashine ya kukausha nguo zote zinatoa hewa nje kwa wakati mmoja. Jiko likikosa hewa moto unafifia na kaboni monoksaidi inaongezeka. Suluhisho ni bomba dogo la pili, la chuma, linaloleta hewa ya nje moja kwa moja kwenye jiko. Katika zile nyumba zinazojengwa kiwandani na kuletwa kwa lori, sheria ya Marekani inalazimisha bomba hilo. Kwingine mara nyingi ni hiari, lakini mimi naliweka kila mahali. Mdomo wake uwe mbali na ule wa moshi, na usichukue hewa kutoka darini wala gereji.

Sasa umeme. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo na nyaya karibu jimbo zima la Maine, na wapo waliokaa gizani zaidi ya wiki mbili. Wakongwe huku bado wanahesabu miaka kutoka hapo. Umeme ukikatika wakati jiko linawaka, parafujo inasimama, na kwenye bakuli hubaki konzi tu ya peleti, itakayokwisha kwa dakika chache. Lakini feni nayo imesimama. Ikiwa bomba limelala tu kutoka jiko hadi nje, moshi huo hauna wa kuusukuma wala wa kuuvuta, utarudi chumbani.

Hii ndiyo sababu ya zile futi 4 zilizosimama. Feni ikizima, bomba refu lililo na joto linageuka kuwa dohani ya kawaida, linavuta moshi uliobaki na kuutoa. Vitabu vingi hutaka angalau futi 3. Unaweza kuusimamisha mwinuko huo nje ya ukuta au ndani ya chumba. Nje unaokoa nafasi, lakini bomba hupoa na mvuto hudhoofika. Ndani bomba linabaki na joto, ila maungio yake yote yako kwenye hewa unayopumua. Tulichagua ndani, tukazidisha uangalifu kwenye maungio. Baadhi ya watu huongeza betri ya akiba, kama ile ya kompyuta za mezani, ili feni izunguke dakika kumi zaidi, nami naona ni pesa iliyotumika vema.

King'ora cha kaboni monoksaidi kiwe kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, na utazame tarehe nyuma yake, maana huchakaa hata kama taa inawaka. Kibali cha mji tulikiomba kabla ya kukata ukuta, na shemeji akamjulisha mtu wa bima kwa maandishi. Moto ukitokea kwenye jiko ambalo bima hailijui, madai yako yanaweza kukataliwa. Mpangaji asiguse ukuta bila idhini ya mwenye nyumba.

Mahali tulipotoboa mwishowe ni ukuta wa mashariki, kati ya madirisha mawili, kila moja likiwa futi 6 kutoka kwenye mdomo. Jiko lilisogea upande wa pili wa sebule na kochi likahama. Nje, mdomo uko zaidi ya futi 8 kutoka ardhini, na chini yake hapiti mtu.

Kabla ya moto wa kwanza tuliliwasha jiko bila peleti, feni peke yake ikizunguka, bomba likiwa bado baridi. Dada yangu akaleta kijiti cha udi. Tulikipitisha polepole kuzunguka kila kiungio, tukitazama moshi wake: palipozibwa unapanda wima, panapovuja unasukumwa kando. Kwenye elbo ulipanda. Ukutani ulipanda. Kwenye kifuniko cha chini cha tii ulipinda ghafla na kukatika, kama mtu ameupuliza. Tukakitoa kifuniko, tukakifuta, tukapaka silikoni upya na kuliacha jiko mpaka kesho yake. Mara ya pili moshi wa udi ulipanda wima pale pia, na shemeji akafungua mfuko wa kwanza.